Zaitun isiyo na mzaituni: kuufahamu mji wa Quanzhou

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa kutoka Tangier, alishuka Kilwa, akausifu mji na ukarimu wa sultani wake, kisha akasubiri upepo akaondoka. Miaka kama 14 baadaye mtu huyohuyo anatusimulia alivyotia mguu katika bandari ya China aliyoiita Zaitun. Bandari ile, anasema, ni miongoni mwa bandari kubwa kabisa duniani. Halafu anajisahihisha na kusema labda ndiyo kubwa kuliko zote. Aliona humo merikebu kubwa zipatazo 100, na vyombo vidogo visivyo na idadi. Akaongeza jambo moja lililomshangaza: katika mji unaoitwa Zaitun hapakuwa na mzaituni, wala hapakuwa na mzaituni popote katika nchi za Wachina na Wahindi.

Mji huo ungalipo. Ramani za leo zinauita Quanzhou, nao uko katika jimbo la Fujian, kusini mashariki mwa China, ukikitazama kisiwa cha Taiwan ng'ambo ya mlango-bahari. Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo na Eastleigh wanaijua Guangzhou mtaa kwa mtaa, na Yiwu pia, lakini Quanzhou ni wachache walioisikia. Mimi nadhani ndio mji wa China ambao msomaji wa pwani yetu angeuelewa upesi kuliko mwingine wowote, kwa sababu uliishi kwa mambo yaleyale yaliyoziinua Kilwa, Lamu na Mombasa: upepo wa musimu, forodha, wageni waliooa na kuhamia, na ubani. Hata kuanguka kwake kunafanana na kwa miji yetu, na habari za kuanguka huko ndizo zinazosimuliwa vibaya zaidi.

Nianze na jina, maana limewapoteza wengi. Katika karne ya 10 China ilikuwa imegawanyika vipande, na Quanzhou ilikuwa chini ya mtawala wa kijeshi aitwaye Liu Congxiao. Aliupanua mji, na kuuzungushia miti ya citong: mti wenye miiba unaotoa maua mekundu kama moto, jamaa wa ule ambao huku kwetu huitwa mwamba-ngoma. Wakazi wakauita mji wao kwa jina la mti huo. Mabaharia Waarabu na Waajemi waliposikia “citong” masikio yao yakalipeleka neno kwenye jina walilolizoea, “zaitun”, na likabaki hivyo. Marco Polo alilichukua kutoka kwao, na wasomi wa Ulaya wakabishana kwa vizazi kadhaa kuhusu bandari ipi hasa ya Fujian ndiyo Zaitun. Kitambaa cha hariri laini, satini, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, kimepewa jina la bandari hiyo. Jina rasmi, Quanzhou, lilikuwa la mji mwingine kwanza: mpaka mwaka 711 eneo la Fuzhou, lililoko kaskazini zaidi, ndilo lililoitwa Quanzhou, kisha jina likahamishiwa hapa. Mtu anayesoma habari za kabla ya mwaka huo bila kulijua hili atachanganya miji miwili.

Kuna utata wa pili, nao ni wa neno lenyewe “mji”. Sensa ya China ya mwaka 2020 ilihesabu Quanzhou kuwa na watu karibu milioni 8.8. Usidhani ni nyumba zilizoshikana kutoka upande hadi upande. Kwa utaratibu wa China, mji wa ngazi hii ni kama mkoa mzima, wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 11,000, ndani yake mna milima, mashamba ya chai, vijiji vya wavuvi na miji mingine midogo yenye majina yake. Jinjiang na Shishi ni miji iliyo ndani ya mji. Anxi, wanakolima chai ya Tieguanyin, na Dehua, wanakochoma vyombo vya kauri vyeupe, ni wilaya za milimani zilizo ndani ya mpaka huohuo. Mji wenyewe wa kale ni kipande kidogo kilicho kando ya mto Jin, na umbo la kuta zake liliwafanya watu wauite mji wa samaki, kwa sababu waliona unafanana na samaki wa mitoni aitwaye kwa Kiingereza carp. Mtaa wa kale unaitwa Licheng hadi leo, na maana yake ndiyo hiyo, mji wa samaki huyo.

Sasa tazama ardhi. Watu wa Fujian wana msemo kwamba jimbo lao ni milima nane, maji moja, shamba moja. Milima hiyo inashuka karibu kabisa na bahari na kuacha vibonde vyembamba tu vya kulima. Kufika sehemu nyingine za China kwa nchi kavu kulikuwa kazi ngumu ya siku nyingi kwenye njia za mawe. Waliokuja kulima hapa wengi walikuwa wakimbizi wa vita vya kaskazini, na majina ya mahali bado yanabeba machozi yao. Mto Jin, kwa masimulizi ya wenyeji, uliitwa hivyo na watu waliokimbia kuanguka kwa utawala wa Jin katika karne ya 4. Mto mwingine, upande wa mashariki, unaitwa Luoyang, jina la mji mkuu waliouacha nyuma na ambao hawakuuona tena.

Ardhi ikawa haiwatoshi. Mgongoni milima, mbele bahari yenye ghuba nyingi zilizojificha na mawimbi. Mtu afanye nini? Mchele uliletwa kwa meli. Vijana walikwenda baharini kama vile kwingine vijana wanavyokwenda shamba. Ndiyo maana sipendi maelezo yanayodai kwamba Wachina ni watu wa nchi kavu walioiogopa bahari. China ni kubwa, na Fujian ni pwani hasa.

Na pwani haiendi bila upepo. Kaskazi na kusi zinazotawala bahari yetu ni sehemu ya mpangilio uleule wa pepo unaofika Quanzhou. Huku kwetu kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni na India, na kusi ikayarudisha. Kule ni kinyume: upepo wa kaskazini mashariki wa majira ya baridi ndio uliozitoa meli bandarini kuelekea kusini, na wa kusini magharibi, wakati wa joto, ukazirudisha nyumbani zimejaa. Nje kidogo ya mji wa kale kuna kilima kiitwacho Jiuri. Juu ya mawe yake yamechongwa maandishi ya maofisa wa serikali waliokwenda hapo kuomba upepo mwema, mara moja meli zilipotoka na mara nyingine zilipotarajiwa kurudi. Maandishi kumi ya aina hiyo yamebaki, ya kati ya mwaka 1174 na 1266. Yanataja tarehe na majina ya waliohudhuria, kama orodha ya waliofika kikaoni. Serikali nzima ikipanda kilima kuomba upepo! Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Meli iliyokosa upepo wake ilikaa ugenini mwaka mzima, na safari ya kwenda Uarabuni na kurudi ingeweza kula miaka miwili, kwa kuwa nahodha alilazimika kungoja musimu katikati ya njia.

Mito ile miwili ilikuwa baraka na tatizo. Milango yake ilikuwa mipana, yenye mikondo mikali na maji yanayojaa na kupwa kwa nguvu, hivyo mizigo ya kutoka kaskazini ilikwama kwenye vivuko. Daraja la Luoyang lilijengwa kati ya mwaka 1053 na 1059, likakamilishwa chini ya liwali Cai Xiang, ambaye pia alikuwa mwandishi mashuhuri wa hati. Nimesoma habari za madaraja mengi, hili limenikaa moyoni. Mafundi hawakuweza kuchimba msingi kwenye tope linalopitiwa na maji ya bahari kila siku. Walichofanya ni kumwaga mawe kwa wingi kukata mlango wa mto, mpaka kukawa na tuta pana chini ya maji, kisha wakapandikiza chaza juu yake. Chaza wakaota, magamba yao yakashika jiwe kwa jiwe, na msingi ukawa mmoja. Wavuvi wakakatazwa kuvuna chaza wa darajani. Mihimili ya mawe, mingine ya tani nyingi, ilibebwa juu ya majahazi wakati wa maji kujaa na kushushwa juu ya nguzo maji yalipopwa. Daraja limerekebishwa mara nyingi, lakini lipo, na watu wanalivuka kwa miguu. Karne moja baadaye, kati ya 1138 na 1151, likajengwa daraja la Anping, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, lote la mawe.

Mwaka 1087 utawala wa Song ulifungua forodha Quanzhou. Kabla ya hapo meli za mji huu zilitakiwa kwenda kujiandikisha mbali, Guangzhou, kwa hasara kubwa ya muda na upepo. Ofisi hiyo ilikagua shehena, ikatoza ushuru kwa bidhaa yenyewe, ikanunua sehemu ya mali kwa bei ya serikali, na kutoa vibali vya safari. Kisha vita vikauinua mji. Mwaka 1127 utawala wa Song ulipoteza kaskazini yote kwa wavamizi wa Jurchen na kuhamia kusini, hatimaye Hangzhou. Hazina iliyopoteza mashamba ya kaskazini ikageukia bahari. Tawi la ukoo wa kifalme nalo likahamishiwa Quanzhou na kuishi humo kwa posho. Likaongezeka hadi maelfu ya watu, mzigo mzito kwa mapato ya mji, ingawa wao wenyewe walikuwa wanunuzi wazuri wa manukato na pembe za ndovu.

Mmoja wa ukoo huo, Zhao Rugua, alikuwa msimamizi wa forodha. Mwaka 1225 aliandika kitabu kuhusu nchi za ng'ambo, Zhufan zhi, bila yeye kusafiri: aliwauliza mabaharia na wafanyabiashara waliopita ofisini kwake. Ndani yake mna habari za nchi aitwayo Cengba, ambayo wataalamu wanaisoma kuwa Zanzibar au pwani ya Zanj kwa jumla. Watu wake, anasema, wanafuata dini ya Waarabu, wanajifunga vitambaa vya pamba vya buluu na kuvaa viatu vya ngozi nyekundu. Wanakula mikate na nyama ya kondoo. Upande wa magharibi nchi inapakana na mlima mkubwa. Mali yao ni pembe za ndovu, dhahabu, ambari na msandali wa manjano, na kila mwaka meli za Gujarat na za Uarabuni huwapelekea nguo, shaba na vyombo vya kauri. Angalia mstari huo wa mwisho. Unatueleza kwa nini vipande vya kauri za China vinaokotwa kwenye magofu ya Kilwa na Gedi bila kutulazimu kuwaza meli za China zikitia nanga huko wakati huo. Bidhaa zilipita mikononi mwa watu wengi. Lundo la sarafu za China lililopatikana Kajengwa, Unguja, mwaka 1945, nyingi zikiwa za enzi za Song, lilifika kwa mikono hiyohiyo, ingawa serikali ya Song ilipiga marufuku kutoa sarafu za shaba nje ya nchi.

Upande wa pili wa biashara hiyo ulifukuliwa Quanzhou kwenyewe. Mwaka 1974 wanaakiolojia walitoa kwenye tope la Houzhu, bandari ya nje ya mji, meli iliyozama katika miaka ya 1270. Kilichobaki kina urefu wa mita 24 na upana wa mita 9, na tumbo lake limegawanywa vyumba 13 kwa kuta zisizopitisha maji: chombo kikitoboka sehemu moja hakikuzama. Ndani mlikuwa na zaidi ya tani 2 za miti ya manukato, pilipili manga, ubani, ambari na kauri za baharini. Pamoja na mali kulikuwa na vibao vidogo vya mbao vyenye alama za wenye mizigo, maana mabaharia nao walikuwa na vifurushi vyao. Ubani na ambari hiyo inahusishwa na pwani ya Somalia. Kwa hiyo muda uleule ambao vyombo vya kauri vilikuwa vikishuka kuja kwetu, harufu ya Pembe ya Afrika ilikuwa ikifukizwa kwenye mahekalu ya Fujian.

Wageni walioleta mali hiyo hawakubaki melini. Msikiti unaoitwa leo Qingjing ulijengwa mwaka 400 wa Hijria, yaani 1009 au 1010, na maandishi ya Kiarabu juu ya ukuta wake yanasema ulikarabatiwa mwaka 710 wa Hijria na mtu wa Shiraz. Ndiyo, Shiraz ileile ambayo masimulizi ya Kilwa yanasema ndiko walikotoka masultani wake wa kwanza. Sidai zaidi ya hapo, ila inaonyesha jinsi jina la mji huo wa Uajemi lilivyoheshimiwa pande zote mbili za bahari. Wahindi wa Kitamil walijenga hekalu la Shiva, na jiwe lao la mwaka 1281 lina maandishi ya Kitamil na ya Kichina. Nguzo kutoka hekalu la Kihindu leo zinasimama nyuma ya jumba kuu la hekalu la Kibudha la Kaiyuan, zikiwa na picha za hadithi za Krishna, zilikohamishiwa wakati wa ukarabati wa enzi za Ming, utawala wa baadaye (1368–1644). Wakristo wa Mashariki walichonga misalaba inayochipuka kwenye ua la yungiyungi. Andrea wa Perugia, mtawa Mkatoliki wa Kifransisko, alikuwa askofu wa Zaitun. Na katika kijumba cha mawe kiitwacho Cao'an, huko Jinjiang, kuna sanamu ya nabii Mani ya mwaka 1339, ya dini ambayo kwingineko duniani imekwisha kabisa.

Watu hupenda kuutaja mji huu kama mfano wa amani ya dini. Mimi ningekwenda polepole. Wengi waliishi pamoja muda mrefu, hilo ni kweli na ni jambo kubwa, lakini mlango wa damu ulikuwapo.

Mwaka 1276 Wamongolia waliteka Hangzhou. Mfalme mtoto na mabaki ya serikali ya Song walikimbia kwa meli hadi Quanzhou. Aliyeshika forodha na nguvu ya bahari hapo alikuwa Pu Shougeng, mfanyabiashara wa ukoo wa Kiislamu uliokuja kutoka ng'ambo. Majeshi ya Song yalichukua meli zake kwa nguvu. Yeye akawafungia mji, akajisalimisha kwa Wamongolia, na jamaa wa ukoo wa kifalme waliokuwa ndani ya kuta wakauawa kwa wingi. Vitabu vya enzi za Ming vilimchukia kama msaliti. Ni vigumu kwangu kumtetea kwa mauaji yale. Kuhusu kujisalimisha, sioni alikuwa na njia gani nyingine: serikali aliyotakiwa kuitumikia ilikuwa tayari ndani ya mashua.

Chini ya Wamongolia, Zaitun ilifika kileleni. Marco Polo alisema kwa kila meli moja ya pilipili inayokwenda Aleksandria, mia moja huja Zaitun. Namba yake ni ya mtu aliyesisimka, lakini maana yake ni wazi. Wageni wakapewa vyeo juu ya wenyeji Wachina wa kusini, ambao waliwekwa daraja la chini kabisa katika utawala. Chuki ikajikusanya humo. Mwaka 1357, utawala wa Mongolia ukiwa umelegea kila mahali, askari wa mji wenye asili ya Uajemi waliasi na kuushika mji, na kwa miaka karibu 10 Quanzhou ikawa uwanja wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1366 likaingia jeshi la Chen Youding, jemadari wa Fujian aliyekuwa bado mtiifu kwa Wamongolia. Wageni na yeyote aliyefanana nao wakachinjwa, makaburi yao yakavunjwa. Walionusurika wakakimbilia vijijini na kubadili majina.

Hapa ndipo ninapotofautiana na maelezo ya haraka yanayosema Quanzhou iliuawa na matope. Ni kweli mto Jin ulishusha udongo kutoka milimani, ghuba ikapungua kina mwaka hadi mwaka. Lakini tope huja taratibu, na bandari zenye faida huchimba au kusogea mbele kidogo kuifuata bahari. Quanzhou ilipata majeraha matatu ambayo hayakuwa ya tope. La kwanza ni hilo la 1366: walikufa au wakakimbia watu waliokuwa na mashemeji Hormuz, mawakala Sumatra na madeni Calicut. Biashara ya mbali wakati ule ilikuwa kuaminiana kwa watu wanaojuana, na ukishawaua watu hao huwezi kuwapata kwa amri. La pili ni amri ya utawala mpya wa Ming, uliowaondoa Wamongolia, mapema katika miaka ya 1370, iliyokataza watu binafsi kwenda baharini. Biashara ikawa ya mabalozi tu. La tatu lilikuja karne moja baadaye, katika miaka ya 1470, ofisi ya forodha ilipohamishiwa Fuzhou.

Mtu atauliza, na Zheng He, amiri wa Ming, je? Meli zake kubwa zilivuka bahari zikafika Malindi na Mogadishu, sasa China ilifungaje bahari? Jibu ni kwamba zile zilikuwa meli za mfalme, na marufuku ilikuwa ya mwananchi. Zheng He mwenyewe, Mwislamu wa Yunnan, alipita Quanzhou mwaka 1417 na kufukiza ubani kwenye makaburi ya kale ya Waislamu kilimani Lingshan. Jiwe linalolitaja jambo hilo bado limesimama pale, likisema alikuwa njiani kwenda Hormuz. Safari iliyofuata ndiyo ya tano, iliyowafikisha watu wake Malindi. Baada ya mwaka 1433 safari hizo zilikoma.

Watu wa Quanzhou hawakuacha bahari. Waliingia kwenye magendo, na ukiipiga marufuku kazi pekee ya mtu mwenye njaa usishangae akiwa mharamia. Serikali ilipolegeza kamba mwaka 1567, ilifungua Yuegang, bandari ya jirani upande wa kusini, na fedha ya Wahispania wa Manila ikamiminika huko. Katika karne ya 17 watu wawili wa Quanzhou walisimama pande mbili za vita vilevile. Zheng Chenggong, wa ukoo wa Nan'an, aliipigania Ming iliyokuwa ikifa, akawafukuza Waholanzi kutoka Taiwan mwaka 1662. Ili kumnyima chakula, utawala wa Qing, ulioishinda Ming, uliamuru mwaka 1661 pwani nzima ihamwe, vijiji vikachomwa na watu kusukumwa bara. Aliyeiteka Taiwan kwa ajili ya Qing mwaka 1683 ni amiri Shi Lang, wa Jinjiang. Baada yake pwani ikafunguliwa tena, lakini Xiamen ilikuwa na kina na ilikuwa na forodha. Mwaka 1842 Waingereza walipolazimisha bandari tano zifunguliwe, Fujian ilitoa Xiamen na Fuzhou. Quanzhou haikutajwa.

Ikawa mji wa kutoa watu. Wachina wengi wa Ufilipino asili yao ni Jinjiang na vijiji vya jirani. Uchunguzi wa serikali ya Japani huko Taiwan mwaka 1926 uliona karibu asilimia 45 ya Wahan (Wachina wa kabila la Han) wa kisiwa hicho wana asili ya Quanzhou. Lugha yao, Kiminnan, ndiyo iliyoipa Ulaya ya magharibi jina la chai: wao husema “te”, Waholanzi wakalibeba kwa meli. Sisi tunasema chai kwa sababu letu lilipita njia nyingine, kutoka “cha” ya kaskazini na kusini kwingine, kupitia Waajemi.

Yaliyovunjwa 1366 hayakupotea yote. Mawe ya makaburi yalitumiwa kujengea kuta, na kuta za mji zilipobomolewa katika miaka ya 1920 na 1930, yakaanza kujitokeza: Kiarabu, Kiajemi, Kisiria, Kitamil. Mwalimu mmoja wa sayansi, Wu Wenliang, aliyanunua na kuyakusanya kwa mshahara wake, mengine yakiwa tayari yanapasuliwa na waashi. Mwaka 1957 alichapisha kitabu chake kuhusu mawe hayo. Bila mtu huyu tungekuwa na maneno ya Ibn Battuta na mashaka. Watu nao walijitokeza. Ukoo wa Ding wa Chendai na ukoo wa Guo wa Baiqi, ambao kwa macho ni Wachina kama majirani zao na kwa muda mrefu wamekula na kuishi kama wao, waliendelea kwa karne nyingi kuepuka kuweka nyama ya nguruwe wanapowapa sadaka wazee wao waliotangulia. Walio hai wengi walikwisha kuisahau swala. Waliokufa waliheshimiwa kama Waislamu. Chendai hiyohiyo leo ni kitovu cha viwanda vya viatu vya michezo, na kampuni ya Anta ilianzia Jinjiang.

Mwaka 2021 UNESCO iliorodhesha mahali 22 pa Quanzhou kama urithi mmoja wa dunia, kuanzia madaraja, msikiti na forodha hadi tanuri za Dehua na eneo la kuyeyushia chuma la Anxi. Uamuzi huo naupenda kwa sababu uliweka wachoma vyungu na wafua chuma pamoja na mahekalu. Bila wao meli zingeondoka tupu.

Kuna wilaya moja katika orodha rasmi ya Quanzhou ambayo serikali ya Quanzhou haiitawali. Ni visiwa vya Jinmen, vinavyoonekana kwa macho kutoka ufukweni, na tangu mwaka 1949 viko chini ya Taiwan. Mwaka 1958 vilipigwa mizinga kutoka pwani hii kwa majuma mengi, na kwa miongo mingi hakuna mashua iliyoruhusiwa kuvuka maji yale, ambayo mvuvi wa Song angeyavuka kabla ya chakula cha mchana. Vivuko vya halali vilianza mwaka 2001. Jinmen ni kavu, visima vyake havitoshi. Tangu Agosti 2018 maji yake mengi yanatoka Jinjiang, kwa bomba lililolazwa chini ya bahari.